Umeacha tumbako, na mwili unalia

Ndugu mfanyakazi, leo sitaki kukuambia uache tumbako. Neno hilo umekwisha kulisikia mara nyingi: kwenye mikutano ya usalama, kwa bibi yako, hata kwa mtoto aliyelisoma shuleni. Leo nasema na wewe uliyekwisha kuacha. Pengine ni juzi, pengine ni wiki iliyopita. Ulifikiri utaona uzuri mara moja. Kumbe sasa ndipo mwili unaanza kukusumbua: kikohozi kimezidi, usingizi hauji, kichwa kinazunguka, vidole vinawasha, mdomo una vidonda, moyo unapiga. Unajiuliza: “Nilipokuwa ninavuta nilikuwa mzima. Nimeacha, na sasa ni mgonjwa. Ni nini hii?”

Swali hilo ndilo linalowarudisha watu wengi kwenye tumbako. Si utamu wa sigara, ni woga. Kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha peke yao, bila shauri wala msaada wowote, wanaobaki bila kuvuta mpaka mwisho wa mwaka ni 3 mpaka 5 tu, na wengi wanaanguka katika wiki ya kwanza. Hapa dispansere tunawaona. Mtu anakuja siku ya nne, anasema kifua kinamuua. Unampima: mapigo ni mazuri, pumzi inaingia vizuri pande zote mbili, homa hakuna. Akitoka nje anakwenda moja kwa moja kwenye meza ya mama anayeuza sigara moja moja, kwa sababu mwenzake wa kazi amemwambia: “Mwili wako umezoea. Ukiunyima, utakufa.” Mwingine anaambiwa kwamba jirani amemtupia kitu. Mimi nasema maneno hayo yamefanya ubaya mwingi katika kambi zetu, na sisi wa dispansere tunayasaidia tunapomwambia mtu “huna kitu” na kumwonyesha mlango. Ana kitu. Anachokisikia ni cha kweli, na kina sababu yake.

Basi tusikilizane. Ndani ya tumbako mna nikotini. (Jina hilo limetoka kwa Jean Nicot, balozi wa Ufaransa huko Ureno, aliyepeleka tumbako kwenye jumba la mfalme wake karibu na mwaka 1560. Balozi wa watu, hakujua alichokuwa anakipeleka.) Ukivuta, nikotini inafika kwenye ubongo kabla hujahesabu mpaka 20. Lakini haikai. Kila saa mbili hivi, nusu yake inatoka katika damu. Ndiyo sababu mvutaji anaamka alfajiri na mkono unatafuta pakiti kabla ya kutafuta viatu. Ubongo uliolishwa hivyo miaka 10 au 20 umezoea kuingoja nikotini, na ukiinyima unapiga kelele. Kelele hiyo inaanza saa chache tu baada ya sigara ya mwisho. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Kisha inashuka polepole, na kwa watu wengi ikifika wiki ya nne imekwisha au imebaki kidogo sana. Ziandike siku hizo ukutani. Mtu anayejua kwamba siku ya tatu ni kilele cha mlima hatashangaa akikosa pumzi hapo.

Na ile tamaa inayokukamata kooni, inakuja na kuondoka. Haidumu zaidi ya dakika chache. Kunywa maji kikombe kizima, tembea mpaka mwisho wa uwanja na kurudi, tafuna kipande cha muwa. Ukitazama saa utaona imepita.

Wewe unayefanya kazi chini, katika mashimo ya Kolwezi, unajua desturi ya barutu. Baada ya kulipua, hakuna anayeingia kabla ventilatere hazijafukuza gazi. Kati ya gazi hizo mna moja isiyo na rangi wala harufu, monoksidi ya kaboni, ambayo inatoka pia katika moshi wa mashine za dizeli. Inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu iliyoshikwa nayo haibebi pumzi. Moshi wa sigara una gazi ile ile. Katika damu ya mtu anayevuta pakiti moja kwa siku, sehemu 5 katika 100, au hata zaidi, zinaweza kuwa zimekamatwa nayo. Kwa hiyo alikuwa anakataa kuingia katika gazi ya barutu, na hapo hapo anaibeba nyingine mfukoni. Ukiacha, gazi hiyo inatoka yote katika siku moja au mbili.

Moyo nao unapumzika. Mapigo yanaweza kupungua 8 au 10 kwa dakika moja, na mtu aliyezoea kukimbizwa na nikotini anaona kama amelegea. Mishipa midogo ya mikono na miguu, iliyokuwa imebanwa, inafunguka. Mzee mmoja aliniambia siafu wanatembea katika vidole vyake usiku. Nikamshika mkono: ulikuwa wa moto, tofauti na zamani. Nikamwambia, baba, siyo siafu, ni damu inarudi nyumbani. Alicheka, lakini alikubali kungoja wiki mbili, na siafu walikwisha.

Sasa kikohozi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sisi watu wa shaba na kobalti tunaishi na vumbi. Kolwezi iko juu, zaidi ya meta 1,400 juu ya bahari. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi kali, mvua hakuna, na kamyo zinapita barabarani usiku na mchana. Kila mtu anakohoa kidogo. Wavutaji wa hapa wana fundisho lao: “Tumbako inafunga vumbi. Moshi unasafisha kifua.” Ushuhuda wao ni kwamba fulani aliacha, akaanza kukohoa makohozi mazito, akarudia kuvuta, kikohozi kikapungua. Ushuhuda ni wa kweli. Maana yake wameigeuza.

Ndani ya njia za pumzi mna vinyweleo vidogo sana, vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Kazi yao ni kufagia. Vinasukuma vumbi na makohozi kutoka chini kwenda juu, mchana na usiku, bila mshahara. Moshi wa tumbako unavilemaza na kuviua. Vumbi linakaa chini, hakuna anayelitoa, na mwenye kifua anajiona msafi kwa sababu hakohoi. Ukiacha moshi, wafagiaji wanaamka, wengine wanaota upya, na wanaanza kutoa takataka za miaka. Lazima ukohoe! Inaweza kuchukua wiki chache, na kwa mwingine miezi. Ukirudia sigara kikohozi kinapungua, ndiyo, kwa sababu umewapiga wafagiaji tena. Nyumba isiyofagiwa nayo haina kelele za ufagio.

Kunywa maji mengi, lala kichwa kikiwa juu kidogo, vaa maski yako kazini hata kama inakuudhi. Dawa ya kuzuia kikohozi usiitafute kwa wauzaji wa barabarani, maana wewe hutaki kukizuia. Wala antibiotiki usinunue. Haina kazi hapo.

Lakini sikiliza vizuri, ndugu. Si kila kikohozi cha mtu aliyeacha tumbako kinatoka kwa kuacha tumbako. Hapa ndipo ninapoogopa kuliko mahali pote, kwa sababu mtu aliyesoma ukurasa huu anaweza kukaa nyumbani miezi mitatu akisema “ni wafagiaji”, na kumbe ni kifua kikuu. Mvutaji anapata kifua kikuu kwa urahisi kuliko asiyevuta. Mtu mwenye vumbi la mawe katika mapafu, ule ugonjwa wa silikozi, anakipata kwa urahisi zaidi. Ukiwa na vyote viwili, hesabu mwenyewe. Basi kikohozi kikipita wiki mbili, njoo utoe makohozi yapimwe, hata kama unajua tarehe uliyoacha. Kupima hakuondoi kitu. Na ukikutwa nacho, dawa za kifua kikuu katika nchi yetu hutolewa bure, miezi 6, na unapona.

Kuna alama moja ninayoipenda kwa sababu mtu anaweza kujipima nayo nyumbani: mkanda wa suruali. Aliyeacha tumbako ananenepa. Akikohoa na huku mkanda unabana, pengine ni wafagiaji. Akikohoa na huku anatoboa tundu jipya ili mkanda ukaze, hiyo siyo tumbako. Jasho la usiku linalolowanisha shuka, siyo tumbako. Damu katika makohozi, hata tone moja, siyo la kungoja kesho. Na maumivu ya kifua yanayobana kama mtu amekalia mbavu, yanayokwenda kwenye mkono au taya, na jasho la baridi, usitembee kwa miguu kuja kwetu. Mwambie jirani atafute gari sasa hivi.

Homa nayo. Kuacha tumbako hakuleti homa. Nasema tena: hakuleti. Mwili ukiwa moto, pima malaria siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Wenzetu wanaochoma mabati yenye zinki wanajua pia homa ile ya jioni baada ya kazi, yenye ladha ya chuma mdomoni. Hiyo inatoka kwenye moshi wa zinki, inapita kwa siku moja au mbili, lakini ije iandikwe.

Na ninyi wa unga wa kobalti: kobalti inaweza kuleta pumu. Kifua kinachobana na kupiga filimbi jioni baada ya posti, kinachopona ukiwa katika konje na kurudi ukirudi kazini, kinazungumza juu ya kazi. Usikubali mtu akuambie ni tumbako tu, hata mtu huyo akivaa koti jeupe.

Jambo moja watu wengi hawalijui, na hata katika shule yetu ya kazi tulilipita haraka. Ni kafe. Moshi wa tumbako (siyo nikotini, ni ule moshi wenyewe na masizi yake) unalifanya ini liiunguze kafeini upesi. Mvutaji anakunywa kafe vikombe vitano na analala kama mtoto. Siku chache baada ya kuacha, ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, na vikombe vile vile vitano vinaacha katika damu kafeini karibu mara mbili ya zamani. Basi mikono inatetemeka, moyo unapiga, usiku macho yako wazi, mawazo yanakimbia. Mtu anasema: “Tumbako inanidai.” Hapana, ni kafe inayokudai. Punguza nusu, tangu siku ya kwanza. Na chai nzito nayo ina kitu hicho hicho, ingawa si kwa wingi kama kafe. Wa posti ya usiku ndio wanaoumia zaidi hapa, kwa kuwa wanakunywa kafe ili wasilale, kisha mchana hawalali.

Juu ya ndoto, watu wananiambia kwa sauti ndogo, baada ya kutazama kama mlango umefungwa. Wameota wanavuta. Wanaamka na ladha mdomoni na aibu moyoni kama watu waliofanya kosa. Mmoja aliota anavuta pamoja na rafiki yake wa zamani wa kazi, marehemu, naye akaona ameitwa. Ndugu, ndoto ya kuvuta inawajia wengi sana walioacha, katika nchi zote, na ndoto zenyewe zinakuwa na nguvu na rangi kuliko zamani kwa sababu usingizi unajipanga upya. Haikuiti mtu. Ukiamka, hujavuta.

Vidonda vya mdomo vinakuja mara nyingi katika wiki mbili za kwanza. Sukutua kwa maji ya chumvi, vitapona. Choo kigumu: maji, sombe, lenga-lenga, papai. Njaa itakuwa kubwa, na ladha ya chakula itarudi, hata utajua kama mama ameweka chumvi nyingi katika samaki. Kilo 4 au 5 katika mwaka wa kwanza ni jambo la kawaida. Kwa mapafu na moyo wako kilo hizo ni deni dogo sana. Punguza sukari, siyo bukari yote.

Hasira, sasa. Mama wa nyumbani, ukurasa huu ni wako pia. Mzee akipiga kelele kwa sababu ya kijiko, si wewe anayekuchukia. Mpe wiki tatu. (Hilo halimpi ruhusa ya kupiga mtu. Hasira ina sababu. Mkono una mwenyewe.)

Lakini kazini hasira na mawazo yanayopotea ni jambo la usalama, na hapa nina neno na wakubwa wa kazi. Siku tatu nne za kwanza mtu aliyeacha hasikilizi vizuri, anasahau, anachokozeka. Mtu huyo hafai kuanzia kwenye usukani wa kamyo ya tani nyingi usiku, wala karibu na barutu. Ninashauri hivi: anza kuacha siku ya kwanza ya konje au ya mapumziko yako, usianze wiki unapoingia posti ya usiku. Kama huwezi kungoja, mwambie kapita wako waziwazi: “Leo ni siku yangu ya pili.” Na wewe kapita, usicheke. Mweke kwa siku hizo na mwenzake, mahali ambapo kosa dogo halivunji mguu wa mtu. Kuna wenzangu wanaosema tusiyaandike mambo haya, kwa kuwa kila mvivu atasema ameacha tumbako. Mimi sikubali. Mvivu hajawahi kukosa sababu, hahitaji hii. Tunamtoa mtu mwenye homa kwenye mashine bila kuona haya. Huyu naye ni vile vile, kwa siku nne.

Wengine wanataka niwape kidonge cha usingizi. Sitoi. Kidonge kile kinamlaza mtu chini ya mgodi, na ukikizoea utakuwa umebadilisha bwana tu. Dawa za kweli za kazi hii zipo: plasta na sakizi za nikotini, ambazo Shirika la Afya Ulimwenguni liliziweka katika orodha yake ya dawa za lazima mwaka 2009, na vidonge vya bupropioni na vareniklini vilivyoongezwa mwaka 2021. Vidonge hivyo ni vya kuandikiwa na mganga. Kwetu si rahisi kuvipata vyote hivi, lakini uliza. Tumbako ya kunusa ya wazee haiponyi. Ni nikotini ile ile kupitia mlango mwingine.

Kupunguza polepole au kukata mara moja? Watu wanabishana. Utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2016, wa watu karibu 700, ulikuta kwamba baada ya wiki nne, kati ya 100 waliokata mara moja, 49 walikuwa hawavuti. Kati ya 100 waliopunguza polepole, 39. Mimi niko upande wa kukata. Na jihadhari na siku ya mshahara. Siku ya kumi na tano mtu anajiona ameshinda, anakaa mbele ya chupa na marafiki, mkono unapokea sigara “moja tu”. Ile moja tu ndiyo mlango. Kunywa munkoyo nyumbani mwezi huo, marafiki watakungoja.

“Mimi nimekwisha kuzeeka, itanisaidia nini?” Richard Doll wa Uingereza na wenzake waliwafuata waganga wa nchi yao kwa miaka 50, tangu mwaka 1951, na mwaka 2004 walitoa hesabu: aliyeacha akiwa na miaka 60 alipata miaka 3 ya maisha kuliko aliyeendelea kuvuta; wa miaka 50 alipata 6; wa miaka 40 alipata 9; wa miaka 30 alipata 10. Miaka 3 si midogo. Waulize wajukuu.

Neno la mwisho ni kwa wenye pumu wanaomeza aminofilini au teofilini. Dawa hiyo ni ndugu ya kafeini, na ini linaiunguza kwa njia ile ile. Kipimo ulichopewa ulipokuwa unavuta kinaweza kuwa kikubwa mno baada ya kuacha, ukatapika, moyo ukakimbia, hata ukashikwa na kifafa. Usikipunguze mwenyewe, wala usirudie sigara ili kukisawazisha. Njoo katika wiki hiyo hiyo, na dawa yako mkononi, utuambie tarehe ya sigara ya mwisho. Tutaiandika juu ya kadi yako, mahali mganga atakapoiona kwanza.